Data zako zikiwa ndugu, 384 haitoshi: jinsi ya kupiga hesabu ya sampo saizi

Wadau, naandika hii kwa ajili ya wanaoandaa propozo, hasa wale wa masters na wenzetu wa miradi ya wilayani, manake kila msimu wa propozo ukifika naletewa faili zenye namba ile ile: sampo saizi (idadi ya watu wa kuhoji) ni 384. Utafiti wa vijiji kumi, 384. Utafiti wa shule sita, 384. Utafiti wa wagonjwa wanaopimwa kila mwezi kwa mwaka mzima, 384 tena. Na naelewa kwa nini, ndivyo tulivyofundishwa wengi, lakini inaniuma sana nikiona watu wanatoboa vidole vya watoto na kuwakalisha wamama saa nzima kwenye dodoso halafu mwisho wa siku data haina uwezo wa kujibu swali lililowapeleka kule.

Tuanze na hiyo 384 yenyewe. Ni 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) mara 1.96, mara 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05, basi. Maana yake unataka kukadiria asilimia fulani, hujui ni ngapi kwa hiyo umeweka 50, na unakubali kukosea asilimia 5 juu au chini. Na ile ya Yamane ambayo watu wa biashara na elimu wanaipenda, ya N gawanya kwa 1 jumlisha N mara e mraba (N ni idadi ya watu wote, e ni kukosea unakokubali), ni hiyo hiyo tu imevaa nguo nyingine, idadi ya watu ikiwa kubwa inakupeleka kwenye 400. Zote mbili zina sharti moja ambalo halisemwi sana darasani: kila mtu umemchomoa peke yake kwenye orodha moja kubwa, na jibu la huyu halikuambii chochote kuhusu jibu la yule.

Sasa nenda fildi uone. Unafika kitongojini, mwenyekiti anakupokea chini ya mwembe, anakupa mtu wa kukutembeza, nyumba ya kwanza unamkuta mama na watoto watatu wa chini ya miaka mitano. Unauliza, jana usiku mtoto amelala kwenye chandarua? Mama anakufungulia pazia, unaona kitanda kimoja, chandarua kimoja kimefungwa pembeni kwa kamba za katani, watoto wote watatu wanalala hapo. Kwenye tableti unajaza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mistari mitatu kwenye data, habari moja. Halafu nyumba ya pili na ya tatu nao walipata vyandarua siku ile ile kwenye mgao ule ule, wanaenda zahanati ile ile, mbu wao ni wa bwawa lile lile. Hizo ndo naziita data ndugu. Zinafanana kwa sababu zimekulia sehemu moja, na hesabu ya 384 haina habari na undugu huo.

Undugu huo unapimwa. Kuna namba inaitwa ICC, inakaa kati ya 0 na 1, inakuambia watu wa klasta moja wanafanana kiasi gani kuliko watu wa klasta tofauti (klasta ni kile kikundi chako, kitongoji, shule, zahanati, kaya, chochote). Ikiwa 0, kukaa pamoja hakujawafanya wafanane, endelea na hesabu ya kawaida. Ikiwa 1, ukishamuuliza mmoja umeshawauliza wote. Kwa vijiji na vituo vya afya mara nyingi utakutana na namba ndogo ndogo kama 0.01, 0.03, 0.05, na hapo ndo watu wanadanganyika wanasema aah ni ndogo hiyo tuiache. Usiiache, manake haifanyi kazi peke yake, inazidishwa na idadi ya watu uliowachukua ndani ya klasta.

Kanuni ni hii, ikariri: dizaini efekti = 1 + (m − 1) × ICC. Hiyo m ni idadi ya watu kwa kila klasta. Ukichukua watoto 20 kwa kitongoji na ICC ni 0.05, unapata 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Maana yake unahitaji karibu mara mbili ya watu ambao ungewahitaji kama ungechomoa mmoja mmoja. Igeuze uone upande wa pili: 384 zako ukizigawa kwa 1.95 ni kama umehoji watu 197 tu, na ile asilimia 5 uliyoandika kwenye propozo inakuwa karibu 7. Hujakosea kuhesabu, umeahidi kitu ambacho data yako haiwezi kukitoa.

Twende kwenye mfano mzima, kalamu mkononi. Tuseme unataka kujua kama wahudumu wa afya wa jamii wakipita nyumba kwa nyumba kuelekeza matumizi ya chandarua, watoto wanaolala kwenye chandarua wataongezeka kutoka asilimia 50 mpaka 65. Vitongoji vingine vinapata wahudumu, vingine vinasubiri. Kwanza piga hesabu kama vile hakuna undugu wowote. Kwa kosa la asilimia 5 (kosa ni uwezekano wa kuona tofauti ambayo haipo) na pawa ya asilimia 80 (pawa ni uwezekano wa kuiona tofauti kama kweli ipo), unachukua 1.96 ya kosa + 0.84 ya pawa unapata 2.8, mraba wake 7.84. Ukitaka pawa ya 90 badilisha hiyo 7.84 iwe 10.5. Kisha 0.5 × 0.5 = 0.25, na 0.65 × 0.35 = 0.2275, jumla 0.4775. Tofauti ni 0.15, mraba wake 0.0225. Kwa hiyo 7.84 × 0.4775 ÷ 0.0225 = 166.4, unapandisha iwe watoto 167 kwa kila kundi. Hii 167 iandike pembeni, tutairudia sana.

Sasa ingiza undugu. Watoto 20 kwa kitongoji, ICC 0.05, dizaini efekti 1.95. 167 × 1.95 = 325.65, yaani 326 kwa kundi. Gawanya kwa 20 unapata 16.3, vitongoji 17. Ongeza kimoja kwa kila kundi kwa sababu nitakayoieleza mbele, vinakuwa 18. Makundi mawili, vitongoji 36, watoto 720. Kama ungefuata hesabu ya mwanzo ungeenda na 334 ukaridhika.

Hapo sasa watu wa bajeti wanauliza, si tupunguze vitongoji tuongeze watoto? Gari limeshafika, wahojaji wapo, mafuta yameshalipwa, tumalizane hapo hapo. Swali zuri na jibu lake ndo kiini cha haya yote. Chukua watoto 50 kwa kitongoji: dizaini efekti inaruka mpaka 3.45, unahitaji watoto 577 kwa kundi, vitongoji 12, na kile cha ziada 13. Jumla watoto 1,300. Umeokoa vitongoji vitano kwa kundi lakini umeongeza watoto 580! Kwa upande mwingine ukichukua 10 tu kwa kitongoji, dizaini efekti 1.45, watoto 243 kwa kundi, vitongoji 25 na kimoja ni 26, jumla watoto 520. Watoto wachache kabisa ila safari nyingi. Hapo unakaa na dereva na mhasibu mnaangalia siku moja ya gari ni shilingi ngapi na mhojaji mmoja anamaliza dodoso ngapi kwa siku, manake jibu la wapi usimame liko kwenye gharama zako mwenyewe, kanuni ya kitabuni bila gharama hizo haiwezi kukuambia.

Lakini kuna dari ambayo pesa haivuki. Klasta moja, hata ukihoji watu elfu moja ndani yake, haiwezi kukupa habari zaidi ya watu 1 ÷ ICC. Kwa ICC ya 0.05 hiyo ni watu 20. Kitongoji kizima, mpaka mtoto wa mwisho, ni sawa na watu 20 waliochomolewa mmoja mmoja. Kwa hiyo chukua ile 167 zidisha kwa 0.05, unapata 8.35. Maana yake ukiwa na vitongoji 8 kwa kundi, hufiki pawa ya 80 hata uhoji kila mtoto aliyezaliwa humo. Hii ndo hesabu ya kwanza kabisa unayotakiwa kuifanya kabla hujaenda kumwona mkurugenzi wa halmashauri kuomba kibali, inachukua dakika mbili.

Kuna dada mmoja aliniletea propozo yake, zahanati mbili, moja inapata mafunzo ya wahudumu nyingine haipati, wamama 200 kila moja. Namwambia mdogo wangu hapa kuna tatizo. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, nikiongeza wakawa mia tano kila zahanati je?" Ikabidi nimchoree. Zahanati moja kwa kundi maana yake hata ukikuta tofauti kubwa hujui ni mafunzo au ni kwamba ile moja ina nesi mmoja mwenye moyo, au iko karibu na lami. Mafunzo na zahanati vimeshikana, hakuna hesabu ya kuvitenganisha, mia tano au elfu tano ni yale yale. Msimamizi wake alikuwa ameshasaini. Alilia, na ilibidi aanze upya, ila bora kulia kwenye propozo kuliko kwenye tetezi ya tisisi, data ikishakusanywa hivyo ni maji yaliyomwagika.

Sasa hiyo ICC unaitoa wapi, hapa ndo wengi wanakwama. Njia ninayoipenda kwa wenzetu wasio na data yoyote ni ripoti za DHS, zile tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu. Ile ya Tanzania ya 2022 ilipita klasta 629, kaya 26 kila klasta, na nyuma kabisa ya ripoti kuna kiambatisho cha makosa ya sampuli ambacho watu hawafunguagi. Mle kuna safu imeandikwa DEFT kwa viashiria vingi. DEFT ni kipeuo cha pili cha dizaini efekti, kwa hiyo ipige mraba kwanza (kosa la kawaida ni kuichukua kama ilivyo). Tuseme kiashiria chako kina DEFT ya 1.5 na wastani wa wanawake waliohojiwa kwa klasta ni 20: mraba ni 2.25, toa 1 inabaki 1.25, gawanya kwa 19, ICC ni karibu 0.066. Sio namba kamili kabisa manake ndani ya DEFT kuna athari za uzani wa sampuli pia, ila ni mara mia kuliko kubuni. Kama unaweza kuomba data zenyewe, ambazo wamekuwa wakitoa bure kwa watafiti wanaojisajili, basi kwenye Stata (programu ya takwimu) komandi ya loneway inakupa ICC moja kwa moja.

Njia nyingine ni machapisho ya majaribio yanayofanana na lako, wengi siku hizi wanaripoti ICC yao. Angalia iwe kiashiria kile kile na klasta ya saizi ile ile, manake ICC ya kaya ni kubwa kuliko ya kitongoji, na ya kitongoji kwa kawaida ni kubwa kuliko ya wilaya. Na tafadhali usifanye pailoti ya vitongoji vinne ukatoa ICC humo, klasta nne haziwezi kukuambia tofauti kati ya klasta, itakuja 0 au itakuja 0.3 na zote zitakuwa bahati tu. Pailoti fanya ya kujaribu dodoso.

Vyovyote utakavyoipata, usiweke namba moja. Piga hesabu kwa tatu. Kwenye mfano wetu wa watoto 20, ICC ikiwa 0.01 vitongoji vinavyotakiwa kwa kundi kabla ya kile cha ziada ni 10, ikiwa 0.05 ni 17, ikiwa 0.10 ni 25. Onyesha zote tatu kwenye propozo halafu sema umechagua ipi na kwa nini. Kamati ya maadili ikiona hivyo inajua unachofanya.

Kile cha ziada nilichoahidi: hesabu ya 1.96 inachukulia una klasta nyingi, na ukiwa nazo chache unakuwa na uhakika kupita kiasi, ndo maana inashauriwa kuongeza klasta moja kwa kila kundi, na kama umezipanga jozi jozi ongeza mbili. Jozi zinasaidia kweli kama vijiji viwili unavyovioanisha vinafanana kwenye kile unachokipima, ila jozi zikiwa chache zina mtego wake. Jozi 5, hata zote tano ziende upande unaoutaka, ukiitumia njia ya kupanga upya makundi p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) ndogo kabisa unayoweza kupata ni 2 ÷ 32, yaani 0.0625, haishuki chini ya 0.05 hata kwa dawa. Jozi 6 ni 2 ÷ 64, 0.031. Wale waliofanya lile jaribio maarufu la Mwanza la mwaka 1991 mpaka 1994, la kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizi ya HIV, walikuwa na jamii 12 katika jozi 6, watu wazima karibu 1,000 kila jamii. Matokeo yalitoka 1995, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 kwa miaka miwili kwenye jamii zilizopata afua na 1.9 kwa zile za kulinganisha, karibu asilimia 40 pungufu. Watu zaidi ya elfu kumi na mbili, lakini kwenye uchambuzi uzito uko kwenye zile jozi 6. Mi huwa nawaambia wanafunzi wakalisome hilo jaribio, limefanyika hapa hapa nyumbani.

Halafu vitongoji havilingani. Kimoja kina kaya 30, kingine 140, na kama unachukua watoto wote wanaopatikana basi m yako inayumba. Chukua mkengeuko sanifu wa saizi (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ugawe kwa wastani wake, iite CV, halafu kanuni inakuwa 1 + ((1 + CV²) × m − 1) × ICC. CV ikiwa 0.5, kwenye mfano wetu 1.95 inapanda mpaka 2.2, watoto 368 kwa kundi, vitongoji 19 na kimoja ni 20. CV ikiwa chini ya 0.23 achana nayo, haibadilishi kitu cha maana. Dawa rahisi ni kuchukua idadi sawa kila kitongoji, na mtoto mmoja tu kwa kaya kwa kura, manake wale watatu wa kitanda kimoja tumeshawaona.

Wanaokataa au wasiokuwepo nyumbani: gawanya, usizidishe. Ukitarajia asilimia 10 wakosekane na unataka 20, ni 20 ÷ 0.9, lenga 23. Na kuna kitongoji kizima kupotea, mvua imekata daraja, au mwenyekiti mpya hataki. Kwa hilo weka kitongoji kimoja au viwili vya akiba kwa kila kundi, na uvichague kwa kura toka mwanzo, sio siku ya tukio kwa kuangalia kilicho karibu na barabara.

Kuna wanaoniuliza kuhusu 30 kwa 7 (klasta 30, watoto 7 kila moja), ile ya chanjo. Hiyo ilitengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kupima wigo wa chanjo: asilimia 50, kukosea 10 juu na chini, inatoka 96, mara dizaini efekti ya 2 inakuwa 192, gawanya kwa klasta 30 ni 6.4, ikapandishwa 7, jumla 210. Hesabu safi kabisa kwa kazi ile. Ila watu wanaichukua wakalinganishe makundi mawili au wapime kitu chenye ICC kubwa kama maji ya bomba, ambapo kitongoji kizima kinayo au kizima hakina, hapo dizaini efekti ya 2 ni ndogo mno.

Sasa tuhamie kwa undugu wa aina nyingine, mtu yule yule kupimwa mara nyingi. Huku ni tofauti na huwa inachanganya, manake undugu unaweza kukusaidia. Mfano presha kliniki. Mkengeuko ni 20, unataka kuona tofauti ya 8 kati ya makundi mawili. Kipimo kimoja mwishoni: 2 × 400 × 7.84 ÷ 64 = watu 98 kwa kundi. Kama ulimpima pia mwanzoni, na kipimo cha mwanzo na cha mwisho vina uhusiano wa 0.6, ukikiingiza kile cha mwanzo kwenye modeli ya uchambuzi unazidisha kwa 1 − 0.6², yaani 0.64, unabaki na watu 63. Watu 35 kwa kundi umewaokoa kwa kutumia namba ambayo tayari iko kwenye kadi ya mgonjwa! Lakini ukichukua tu mwisho kutoa mwanzo, kizidisho ni 2 × (1 − 0.6) = 0.8, watu 79. Na uhusiano ukiwa 0.4, hiyo njia ya kutoa inakuwa 1.2, watu 118, yaani ni mbaya kuliko kama usingepima mwanzoni kabisa. Ndo maana nasema tumia modeli, usitoe.

Ukimpima mara tatu mwishoni na kuchukua wastani, kizidisho ni (1 + 2 × 0.6) ÷ 3 = 0.733, watu 72. Nimeona mtu anagawa 98 kwa 3 anaandika watu 33, eti vipimo ni 98 na zaidi. Vipimo ndiyo, watu hapana. Vivyo hivyo macho: macho 100 ya watu 50, kama jicho la kulia na la kushoto yana ICC ya 0.8, dizaini efekti ni 1.8, una macho kama 56 tu ya ukweli.

Na kama kura unaipiga ndani ya kitongoji, yaani kila kitongoji kina wa kundi hili na wa kundi lile, undugu wa kitongoji unafutika kwenye ulinganisho na hulipi ile 1.95. Kwa hiyo kabla ya kukubali kugawa kwa vijiji jiulize kama ni lazima. Elimu ya redio au mabwawa ya mbu, ni lazima. Kidonge, mara nyingi sio lazima.

Mambo yakizidi kuwa magumu, watoto ndani ya kaya ndani ya kitongoji wanaopimwa mara tatu, acha kanuni, fanya simulesheni, yaani tengeneza data za kubuni kwenye kompyuta mara nyingi uone. Sio ngumu kama watu wanavyoogopa. Kwa mfano wetu wa chandarua kwenye R (programu ya takwimu): kila kitongoji kipe asilimia yake kutoka kwenye mgawanyo wa beta, unaotoa namba kati ya 0 na 1. Ukitaka wastani wa 0.5 na ICC 0.05, namba mbili za beta unazipata kwa 0.5 × (1 − 0.05) ÷ 0.05, zote ni 9.5, kwa hiyo rbeta(18, 9.5, 9.5). Kundi la pili ni rbeta(18, 12.35, 6.65). Kila kitongoji rushia watoto 20 kwa rbinom (inakupa wangapi ni ndiyo kwa bahati nasibu), tafuta asilimia ya kila kitongoji, linganisha 18 kwa 18 kwa t.test, andika kama p iko chini ya 0.05. Rudia mara 1,000. Ukiona karibu 800 zimepita, hiyo ndo pawa yako, na kwa marudio 1,000 inaweza kuyumba kama asilimia 2.5 juu au chini. Halafu, hii usiiruke, weka makundi yote mawili 9.5 na 9.5 uendeshe tena: zinazopita ziwe kama 50 hivi. Zikiwa 150 uchambuzi wako ndo una tatizo.

Na hiyo 150 sijaitoa hewani. Ukikusanya kwa klasta halafu ukachambua kwa kai-skweya ya kawaida (jaribio la kulinganisha asilimia linalomchukulia kila mtu peke yake), dizaini efekti ya 1.95 inashusha ile 1.96 kuwa 1.40, na kosa la asilimia 5 linakuwa 16. Kwa hiyo sampo na uchambuzi viende pamoja: kama umepanga kwa klasta, chambua kwa klasta, iwe kwa wastani wa vitongoji, modeli mseto, au GEE (hizi mbili ni modeli zinazouhesabu undugu wa klasta). GEE inataka klasta nyingi, chini ya 40 hivi tumia marekebisho ya sampo ndogo.

Kwenye propozo yenyewe andika waziwazi ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu yako. Mi naandikaga hivi, chukua ubadilishe namba: "Ili kugundua ongezeko kutoka asilimia 50 hadi 65 la watoto wanaolala kwenye chandarua, kwa pawa ya asilimia 80 na kosa la asilimia 5 la pande mbili, watoto 167 kwa kila kundi wangehitajika bila klasta. Kwa watoto 20 kwa kitongoji na ICC ya 0.05, dizaini efekti ni 1.95, hivyo watoto 326, sawa na vitongoji 17, na kimoja kimeongezwa kwa uchache wa klasta, jumla vitongoji 18 kwa kundi. Watoto 23 watalengwa kwa kitongoji kufidia asilimia 10 watakaokosekana. ICC ikiwa 0.10, vitongoji vingehitajika 26 kwa kundi." Chini yake taja ICC umeitoa ripoti gani, jedwali namba ngapi, ukurasa wa ngapi.

Wenye propozo za klasta wekeni hapa m yenu, ICC na idadi ya klasta mlizonazo, tuzipige pamoja kabla hamjaprinti.